Tembo wa Bonde la Mama Mkwe

Kinyesi cha tembo kilichokauka hakinuki vibaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu, kila nikianza kisa hiki, hujiziba pua na kuangua kicheko. Kinanuka kama nyasi zilizonyeshewa kisha zikapigwa na jua, na ndani yake mna utamu wa mbali wa matunda ya porini yaliyochacha. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akikiwasha jioni mbele ya mlango wake ili moshi ufukuze mbu, nami nilikuwa nikijilaza mapajani mwake, nguo yangu ikinuka moshi huo hadi nirudi mjini kwetu. Mama alikuwa akiifua kwa kunung'unika. Mimi nilitamani asiifue, maana ilikuwa inanikumbusha Bibi.

Tulikaa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wakati Mjerumani anatawala kutoka boma la Usumbura. Mji wenyewe ulikuwa mitaa michache ya nyumba za udongo, msikiti wa makuti, na ufuo uliojaa mitumbwi na dagaa walioanikwa mchangani. Watu walikuwa wa kila upande: Wamanyema waliovuka ziwa, watu wa Ujiji, Warundi wa milimani walioolewa mjini wakasilimu. Baba alikuwa Mmanyema. Ujanani alifuata misafara ya pembe, akawinda tembo kwa miaka mingi, kisha siku moja akaiweka bunduki chini na hakuishika tena. Hakutueleza sababu. Mama alisema aliichoka damu, basi tukaridhika na jibu hilo. Akaingia katika biashara ya mawese na chumvi, akamwoa mama, Mrundi wa bonde moja lililo juu ya Minago, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Katika bonde hilo ndimo alimoishi Bibi peke yake, mjane, wanawe wa kiume wakiwa wamechukuliwa na misafara kwenda pwani na hawakurudi. Mihogo yake ilikuwa pale, michikichi yake pale, na kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya miti mikubwa ya msitu ulioanzia mlangoni mwake na kupanda hadi milimani.

Sasa sharti nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalielewi. Kwa desturi ya wazee wetu, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini na mwingine hujifunika nguo hadi mwenzake apite. Hatamki jina lake, hali mbele yake, na njia inayopita mlangoni pake haikanyagi. Wapo waliolegeza mambo hayo baada ya mtoto wa kwanza na zawadi ya mbuzi, lakini baba na Bibi walikuwa watu wa kushika desturi kwa mikono miwili. Hata siku ya harusi Bibi alijifungia ndani. Miaka yote ile hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na salamu zao nilizibeba mimi, tangu nilipoweza kusema maneno yakaeleweka. Nilipopelekwa kwa Bibi, baba alinipa chumvi na maneno. Niliporudi, Bibi alinipa mawese na maneno. Wenzangu walinicheka kwamba nimekuwa tarishi wa watu wazima. Mimi nilijiona mtu mkubwa sana, na nadhani kweli nilikuwa.

Kiangazi kimoja, meno yangu ya mbele yakiwa yameng'oka, akaja Mjerumani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Misitu, kwa kuwa swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa juu ya msitu. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, uso mwekundu kama kamba wa baharini aliyepikwa. Alimwita baba akamwambia anataka kujua mambo mawili: katika misitu ya kutoka ziwani hadi milimani mna tembo wangapi, na wanafika wapi. Serikali ilitaka kuni nyingi za meli ya moshi iliyopita ziwani. Palipo na tembo, msitu ungeachwa, kwa kuwa pembe zilikuwa na maana zaidi kwao kuliko kuni. Pasipo na tembo, wakata miti wangepelekwa na shoka zao, na watu wa mahali hapo wangehamishwa kupisha kambi. Alikuwa na ramani kubwa ya karatasi. Palipo na tembo angepapaka rangi ya kijani, na pasipo na tembo pangebaki peupe.

Watu hudhani mnyama mkubwa hivyo utamwona tu, kama uonavyo nyumba. Tembo wa msituni haonekani. Anaweza kusimama karibu nawe nyuma ya majani, akakusikia unavyopumua, nawe usijue. Kwa hiyo baba hakuwatafuta tembo wenyewe, alitafuta walichokiacha. Dalili ya mvua ni mawingu. Jioni aliporudi alinifundisha uani kwetu, akichora mchangani kwa kidole. Unyayo wa mbele ni wa duara, wa nyuma ni mrefu kidogo mithili ya yai. Ukiuzungushia kamba unyayo wa mbele mara mbili, umepata kimo cha mwenyewe kutoka ardhini hadi begani. Kinyesi chenye unyevu na nzi ni cha leo. Kilichoota uyoga kimekaa. Kilichobomolewa na mchwa ni habari ya zamani, usiichanganye na ya sasa, la sivyo tembo mmoja utamfanya kundi. Magome yaliyochubuliwa yanakwambia urefu wa pembe, na ndama utamjua kwa kuwa kinyesi chake hutoshea kiganjani. Ukishayaona hayo katika sehemu moja, unaijua sehemu hiyo tu. Kwa msitu mzima unakisia, na mwenye kukisia lazima aseme kwamba anakisia. Baba alilirudia neno hilo mara nyingi. Bwana Misitu alitaka hesabu kamili, naye baba akampa "huenda hawapungui hapa wala hawazidi pale", nao wakabishana kila mara kwa adabu.

Bibi aliposikia kazi hiyo hakupendezwa. Kwao, chenye uhai hakihesabiwi. Humhesabii mtu watoto wake wala ng'ombe wake, maana ukivihesabu unaviita vipungue. Alinirudisha na maneno makali: "Umwambie baba yako, ile ng'ombe ya Mungu hawaihesabu."

Baba alicheka kimoyomoyo. "Mwambie mkwe wangu mimi sihesabu tembo," akasema. "Nahesabu mavi yao tu."

Nilipomfikishia, Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya nguo yake. "Ego, mavi anaweza kuhesabu," akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi, na tangu hapo kila nilipokwenda aliuliza kwanza kama mavi yametimia.

Baba aliizunguka misitu kiangazi kile karibu chote. Alikwenda kusini, akapanda milima, akateremka tena ziwani. Kila alipokuta dalili, Bwana Misitu alipaka rangi. Lakini bonde la Bibi hakuliingia. Alifika kwenye jiwe kubwa ambapo njia ya bonde inaanza, akageuka. Njia ya kuingia ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni pa mama mkwe wake, ikakata shamba lake, ikafika kwenye kijito alikokuwa akioga. Angepitaje? Hakuna mtu wa kwetu ambaye angemwuliza kwa nini hakupita. Hata mama hakuuliza. Kosa lile lilikuwa limejificha ndani ya adabu yetu sote, na adabu ni nguo ambayo mtu aliyeivaa haioni.

Siku Bwana Misitu alipoikunjua ramani yake barazani kwa liwali wa mji, watu walijaa kuitazama. Baba alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Bonde la Bibi lilikuwa jeupe. Asiyekuwepo na lake halipo. Bwana Misitu alikuwa ameshalitaja kwa kidole: kambi ya wakata miti itakuwa hapo, karibu na maji, kabla ya mvua, na nyumba zilizomo zitaondolewa. Baba alijaribu kumweleza kwamba hakuingia kwa sababu ya ukwe. Yule mzungu alimsikiliza vizuri, akauliza maswali, kisha akasema: "Mimi sipaki rangi mahali ambapo macho yako hayakufika." Na kwa kweli hilo ndilo baba mwenyewe alilokuwa akimwambia kiangazi kizima.

Mama alilia usiku na mchana. Mimi nilitumwa kwa Bibi na habari hiyo, na sijawahi kubeba mzigo mzito kuliko ule. Bibi alikuwa akimenya mihogo. Hakuacha kumenya. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, akasema polepole: "Tembo iko hapa. Kila siku iko hapa. Inakunywa maji yangu. Mimi niende wapi, mutoto wangu? Mume wangu nimwachie nani?" Nilimkumbatia shingoni. Niliogopa. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi kama mtu anayeweza kuondolewa mahali pake, na moyo wangu ulikataa.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha, akajitwisha ungo mkubwa uliofunikwa majani, akasema twende mjini. Bibi alikuwa hajakanyaga Rumonge tangu mama aolewe. Alitembea akiwa amejifunika nguo hadi machoni, nami mbele nikitazama njia kwa ajili yake. Tulipoingia mtaani kwetu watu walisimama milangoni, maana hapajawahi kuonekana mama mkwe anayekwenda kwa miguu yake kwenye nyumba ya mkwewe. Mama alipomwona alishika kichwa. Baba alikuwa uani. Aliposikia sauti alikimbilia chumba cha ndani kama mtoto aliyeiba sukari, akateremsha mkeka mlangoni. Bibi akaketi upande wa pili wa mkeka huo, akautua ungo, akafunua majani. Ulikuwa umejaa kinyesi cha tembo.

Nikawekwa katikati, karibu na ukingo wa mkeka, niyapitishe maneno na kinyesi. Nilimpa baba donge moja moja kwa chini. Nilimsikia akilivunja, akilinusa, akilipima kwa vidole. "Mwambie mkwe wangu hili ni la jike," akasema. Nikasema. "Umwambie ego, iko jike, iko na sikio moja imepasuka," akasema Bibi. Nikasema. Nikampa donge dogo lililotosha kiganja changu. Kisha baba akauliza, "Ndama huyu anaandamana na mama yake, au amebaki nyuma?" na Bibi akajibu kabla sijafungua kinywa: "Iko katikati ya ile mama mbili, moja mbele, moja nyuma."

"Wanatoka upande gani?"

"Juu. Wakati wa matunda banakuja kila siku. Wakati wa mvua banapotea."

"Na dume?"

"Dume iko peke yake. Inasimama pale kwa kaburi ya mume wangu, inakuna mgongo kwa muti."

Maneno yakaenda mbio, swali na jibu, jibu na swali, nami nikiwa nimeshika donge mkononi sina kazi. Walizungumza kama watu waliokuwa na mengi ya kuambiana kwa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama jikoni, mkono mdomoni. Kisha ghafla wote wawili wakagundua wanachofanya, wakanyamaza pamoja, na aibu ikajaa nyumba nzima. Baba akakohoa. "Zaina," akaniita kwa sauti ya chini, "mwambie mkwe wangu ninamshukuru." Bibi akajifunika vizuri zaidi, ingawa mkeka ulikuwa pale pale. "Umwambie murakoze na yeye."

Baba alibeba ungo ule hadi kwa Bwana Misitu. Yule mzungu alicheka, ila hakucheka kwa dharau. Alisema mavi ya kwenye ungo hayasemi yametoka wapi. Hata yeye angeweza kumletea baba ungo kama huo kutoka mahali popote. Alitaka baba ayaone pale yalipoangukia, na amwonyeshe. Baba alirudi akatueleza kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa nyumba, ambako Bibi alikuwa amepewa chumba cha kulala. Ndipo Bibi akaniita, akaniambia nikamwambie baba: "Nyumba yangu haina mutu sasa. Mulango iko wazi. Mimi nitakaa huku, yeye akae kule. Njia isiyo na mutu haina mama mkwe."

Basi wakabadilishana nyumba. Baba alijifungasha akaondoka kabla Bibi hajatoka chumbani, naye Bibi akatoka vumbi la baba likiwa bado halijatulia njiani. Mimi niliachwa na Bibi, na katika siku zile nilimwona akiisoma nyumba yetu. Alitazama pale ukutani ambapo baba huegemea, pamekuwa laini. Alitazama msala wake, akaona goti moja limekula ukili kuliko lingine, akamwuliza mama kama mguu ule uliumia msituni. Mama hakuwahi kujua kwamba unauma. Akatafuta mafuta na majani yake, akayaacha pembeni mwa kitanda bila maelezo. Aliishona kanzu ya baba iliyochanika begani. Aliponusa tumbaku yake alisema, "Huyu anafikiri sana," kisha akaifunga tena kama alivyoikuta.

Baba naye, kule bondeni, alikuwa akisoma zaidi ya tembo. Aliporudi na Bwana Misitu, ambaye alikuwa amelala huko akasikia matawi yakivunjika hadi alfajiri, alikuwa amekonda na macho yanang'aa. Bonde lote lilikuwa limejaa alama: majike, ndama, dume la kaburini, na njia pana ya kuunganisha msitu wa juu na ule wa ziwani, njia ambayo bila bonde lile ingekatika, na tembo wa pande zote mbili wasingeonana tena. Bwana Misitu alipaka kijani kwa mkono wake. Wakata miti walipelekwa kwingine, kwa watu wengine, na sijui wale walilia vipi. Hilo nalo mimi hulikumbuka.

Bibi aliporudi kwake, mimi nikiwa naye, tulikuta paa limeezekwa upya upande uliokuwa ukivuja. Jiwe la kusagia lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe mengine, ili asiiname. Na kwenye mteremko wa kwenda kijitoni baba alikuwa amechimbia nguzo, moja baada ya nyingine, na kufunga mti mrefu wa kushikia. Alikuwa ameona nyayo za Bibi pale, kisigino kinavyoteleza, na vidole vinavyong'ang'ania udongo. Bibi alisimama akautazama ule mti. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba huanguka pale. Akaushika, akateremka hadi majini, akapanda tena, akateremka tena bila kuteka maji, kama msichana anayejaribu bangili.

Aliishi pale hadi alipokufa, baada ya vita kupita na Mjerumani kuondoka. Aliyekufa haonewi haya, kwa hiyo baba ndiye aliyemshusha kaburini, kando ya mumewe. Kabla ya kumfunika aliomba aoneshwe uso. Alimtazama kwa muda, yeye aliyeweza kukwambia kimo cha tembo asiyewahi kumwona, kisha akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe alikuwa mdogo hivi." Akalia mbele za watu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala baadaye.

Leo bonde lile ni michikichi mitupu. Baiskeli zinashuka na mitungi ya mawese, msitu umerudi nyuma hadi milimani, na tembo wa mwisho alipita lini hakuna anayejua. Wajukuu wangu wamemwona tembo kwenye kitabu cha shule. Mimi niliyekua katika moshi wa kinyesi chake sikumwona hata mmoja. Wananionea huruma kwa hilo. Ninawaacha. Sitaki kusema zamani ilikuwa bora, kwa sababu Bibi alikufa bila kuketi hata mara moja na mtu aliyemjua kuliko wanawe aliowazaa, na jambo hilo huniuma mpaka sasa. Mume wa binti yangu ni kijana wa siku hizi. Anaingia kwangu bila hodi, anasema "Mama, amahoro", ananipa mkono, anakula nami sahani moja. Na kila anaponipa mkono huo mimi huushika kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa. Yeye hudhani ni uzee.